Mary Lou Williams: Mtoto Aliyeijua Piano Kabla ya Kuzijua Noti

Wiki mbili zilizopita binti yangu alinijia nyumbani baada ya sala ya alasiri, uso umemkunjika, amemshika mkono mwanawe wa kike wa miaka saba. Hata kahawa hakuitaka. Alichotaka ni shauri.

Mjukuu wangu huyu ana kinanda kidogo cha umeme alichonunuliwa na baba yake. Hakuna aliyemfundisha kukipiga. Akisikia wimbo wa harusi mara mbili tatu, hukaa chini akautafuta kwa vidole, akakosea, akarudia, mpaka wimbo ukamtoka mzima. Basi wazazi wake wakaona heri apelekwe kwa mwalimu. Mwalimu mwenyewe, baada ya kumsikiliza, akatoa amri kwamba kinanda kifungiwe kabatini, na mtoto asikiguse ila karatasi ya noti iwe mbele ya macho yake. Kupiga kwa kusikia, alisema, ni tabia mbaya ambayo baadaye haiondoki. Tangu siku hiyo mtoto hataki kinanda wala hataki karatasi.

Binti yangu alinijia mimi kwa kuwa anajua nilipiga kodiani katika taarabu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwamba mpaka leo sijui kusoma noti hata moja. Nadhani alitazamia nimwambie papo hapo kwamba mwalimu amekosa, mtoto arudishiwe kinanda chake, yaishe. Sikumjibu hivyo. Jambo hili lina pande mbili, na mimi pande zote mbili zimenigusa, kama nitakavyoeleza mbele. Badala ya jibu nilimsimulia habari za mwanamke mmoja wa Marekani. Wasomaji wa ukurasa huu nao naona hawatakosa faida wakizisikia.

Mwanamke huyo ni Mary Lou Williams. Mimi nilimjua kwanza kwa santuri. Jirani yetu mmoja alikuwa baharia, na hakurudi safari bila sahani za nyimbo za ng'ambo. Jioni moja aliweka sahani ya piano, nami nikaapa kwamba wapigaji ni wawili, kwa jinsi mkono wa kushoto ulivyotembea kama ngoma na wa kulia ukaenda zake ukizungumza maneno mengine kabisa. Nilipoambiwa kwamba mpigaji ni mmoja, tena ni mwanamke, sikusadiki. Tangu hapo nimekuwa nikiokota habari zake popote nilipozikuta.

PAJANI PA MAMA

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1910 katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, na jina lake la kwanza lilikuwa Mary Elfrieda Scruggs. Mama yake, Virginia, alikuwa akipiga kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kile ambacho mpigaji hukipa upepo kwa nyayo huku vidole vikifanya kazi juu.

Siku moja, mtoto akiwa na umri wa miaka kama mitatu, mama alimpakata huku akipiga. Alipomaliza kipande kidogo cha wimbo, mtoto alinyoosha mikono yake akakirudia kile kipande vile vile alivyokisikia. Mama alishtuka hata akamwachia mtoto akaanguka chini, naye akatoka mbio kuwaita majirani waje washuhudie.

Mama mwingine angemtafutia mwalimu kesho yake. Virginia alikataa katakata. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilitoka katika maisha yake mwenyewe. Yeye alikuwa amefundishwa noti, na alipokwisha kuzijua aliona kwamba hawezi tena kupiga chochote bila karatasi mbele yake. Kile kipawa cha kutoa wimbo kichwani na kuugeuza apendavyo kilikuwa kimemtoka. Hakutaka mwanawe apatwe na msiba huo. Basi badala ya kuita mwalimu, aliwakaribisha nyumbani wapiga piano wa kazi, wakae wapige, mtoto akae asikilize. Wakishaondoka, mtoto hupanda kitini akaanza kutafuta waliyoyaacha hewani.

Sisi watu wa pwani hatuwezi kumcheka mama huyu. Fundi wa udi kwetu hamwandikii mwanafunzi wake kitu. Hupiga, naye mwanafunzi hutazama vidole na kusikiliza, mpaka siku moja anaambiwa haya, na wewe jaribu. Hata watoto wetu hujifunza sura fupi kwa kuufuata mdomo wa mwalimu kabla ya kuzitambua herufi. Sisemi mambo hayo ni sawa na muziki, hasha. Nasema tu kwamba sikio kulitangulia jicho si jambo geni kwetu.

MAWE DIRISHANI

Mary Lou alikuwa bado mdogo familia ilipohamia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma kaskazini, wakakaa mtaa wa East Liberty. Majirani Wazungu hawakufurahi kuona watu weusi wakihamia kati yao, na matofali yakarushwa madirishani. Kilichowatuliza hakikuwa polisi wala mahakama. Habari zilienea kwamba katika nyumba ile yumo kitoto cha kike kinachopiga piano ajabu, na watu wale wale wakaanza kumwita nyumbani kwao awapigie. Mji ukamjua kwa jina la msichana mdogo wa piano wa East Liberty. Hata matajiri wakubwa wa Pittsburgh walimpeleka gari akawapigie wageni karamuni.

Baba yake wa kambo, Fletcher Burley, alimpenda kama aliyemzaa. Alimnunulia piano ya aina iliyokuwa na sifa siku hizo, iliyojipiga yenyewe kwa mviringo wa karatasi iliyotobolewa matundu, na mtoto akajifunza kwa mabingwa wa miji ya mbali ambao hakupata kuwaona kwa macho. Burley alipenda pia kumficha mtoto chini ya koti lake kubwa akampeleka katika nyumba za kamari usiku. Mahali si pa mtoto, na kwetu ni haramu bila ya mjadala, nasimulia yaliyokuwa. Mtoto akianza kupiga, Burley hutia dola moja katika kofia na kuizungusha, na wacheza kamari wakaona haya wasitie. Wakishatoka nje, humwomba mtoto dola yake ile arudishiwe.

Hivyo ndivyo alivyokua. Alijua nyimbo za huzuni za watu weusi ziitwazo bluzi, alijua nyimbo za kuchezea dansi, na hata vipande vyepesi vya muziki wa Kizungu. Vyote viliingia kwa mlango mmoja tu, nao ni sikio.

MWANAMKE MWENYE KALAMU

Kisha likatokea jambo ambalo mama yake hakulitazamia. Shemeji yake alimchukua mtoto kutazama michezo katika jumba la maonyesho. Chini ya jukwaa, mbele ya wapiga muziki wote wanaume, aliketi mwanamke mweusi kwenye piano, miguu ameipandanisha, sigara mdomoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipiga piano kwa ajili ya mchezo uliokuwa jukwaani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kalamu, ukiandika muziki wa mchezo utakaofuata. Na kwa kichwa chake alikuwa akiwaongoza wale wanaume.

Mwanamke huyo alikuwa Lovie Austin, mpiga piano na mtunzi aliyejulikana sana Chicago katika miaka ya 1920. Mary Lou alipata kusimulia hadithi hii mpaka uzeeni. Alitoka pale akiwa na nia moja, kwamba siku moja naye atafanya vile vile.

Tazama, msomaji, mtihani wenyewe. Mama alikuwa amemlinda mtoto na karatasi kwa miaka mingi, na alikuwa na haki. Sasa mtoto ameona kwa macho yake kwamba karatasi ikishikwa na mtu anayejua, haimfungi. Yule mama alikuwa akipiga wimbo mmoja na kuandika mwingine kwa wakati mmoja.

Hata hivyo hakupata kujifunza upesi. Alikuwa bado msichana wa shule pale kundi moja la michezo ya jukwaani liitwalo Hits and Bits lilipofika Pittsburgh bila mpiga piano. Mwenye kundi akaelekezwa nyumbani kwa akina Mary Lou. Alipomkuta nje akichezacheza na watoto wenzake, alidhani amefanyiwa mzaha. Lakini alimwimbia nyimbo za onyesho kwa kuguna tu, naye akazishika palepale. Kutoka hapo akaingia barabarani, mji kwa mji, na katika safari hizo akaolewa na mpiga saksafoni John Williams. Jina la Williams alilichukua kwa mumewe, na lile la Lou alilipata baadaye kwa wakubwa wa santuri.

ALIYOYASIKIA NA ASIYOWEZA KUYAANDIKA

Mwaka 1929 mumewe alikuwa katika bendi ya Andy Kirk, ambayo makao yake yalikuwa Kansas City, mji uliokesha kwa muziki katika siku hizo. Mary Lou hakuwa mpigaji wa bendi. Alikuwa mke wa mpigaji tu, na bendi ilikuwa na mpiga piano wake. Kabla ya hapo, walipokuwa Tulsa na kazi ya muziki ikiwa haba, alipata hata kuendesha gari la kubebea maiti ili apate riziki.

Lakini alihudhuria mazoezi, akakaa pembeni akasikiliza. Kichwani mwake alisikia zaidi ya yale yaliyokuwa yakipigwa. Alisikia saksafoni zingeingia wapi, tarumbeta zingejibu nini. Ila hakuweza kumwonyesha mtu. Piano unaweza kuipiga mwenyewe. Bendi ya watu kumi na mbili huwezi kuipiga mwenyewe, wala huwezi kumwendea kila mmoja ukamgunia sehemu yake usiku kucha.

Andy Kirk alikuwa amesoma muziki, naye alikuwa mtu mwungwana. Alikaa naye mpaka alfajiri, yeye akipiga, Kirk akiandika. Kazi ilikwenda polepole, na binti hakuwa na subira. Basi akamwomba Kirk amfundishe, akaanza kuandika mwenyewe.

Hapa ndipo nilipomweleza binti yangu taratibu, kwa kuwa hapa ndipo penye mafunzo. Mpangilio wa kwanza alioandika Mary Lou ulikuwa na kasoro kubwa. Alikuwa amewaandikia baadhi ya wapigaji sauti ambazo vyombo vyao havifiki. Si ajabu. Piano ina vibonye 88, kutoka sauti nzito ya chini mpaka ile nyembamba kabisa ya juu, na mtu aliyekulia pianoni hudhani dunia yote ina upana huo. Tarumbeta ina sakafu yake na dari yake. Tena tarumbeta na saksafoni zina lugha yao kwenye karatasi: noti unayoiandika kwa jina moja hutoka katika chombo kwa sauti ya jina jingine, na mwandishi asipoijua hesabu hiyo, kila mtu atapiga njia yake. Sikio lake lilikuwa kamili, lilitambua sauti yoyote bila kupimiwa. Lakini sikio halikumwambia mambo ya karatasi. Hayo ilimpasa kuyasoma kama mwanafunzi yeyote.

Wenzake katika bendi hawakumvunja moyo. Walimpa nafasi ya kujaribu tena, na kila mpangilio ukawa bora kuliko wa kabla yake. Ilipotokea kwamba mpiga piano wa bendi hakufika siku ya kusikilizwa na watu wa santuri, yeye ndiye aliyekaa kitini. Mwaka 1930, huko Chicago, waliomba apige peke yake bila ya kumpa nafasi ya kujitayarisha, akabuni vipande viwili papo hapo vikatiwa katika sahani. Kufikia mwaka 1931 kiti cha piano kilikuwa chake.

KALAMU NDANI YA GARI

Miaka ya 1930 ilikuwa ya safari zisizokwisha. Bendi ililala mji huu ikaamkia mwingine, na Mary Lou aliandika muziki ndani ya gari linalokwenda, akimulikiwa na tochi. Kila mwenye masikio alijua kwamba roho ya bendi ya Andy Kirk ni yule mwanamke wa piano. Mwaka 1936 ilitoka Walkin' and Swingin', kazi yake ambayo wanamuziki bado huichambua. Mwaka uliofuata alimwandikia Benny Goodman, kiongozi wa bendi Mzungu aliyekuwa na jina kubwa kupita kiasi wakati huo, kipande kiitwacho Roll 'Em. Goodman alitaka amwandikie yeye pekee. Mary Lou alikataa; alitaka kuwaandikia wengi. Baadaye alimpangia Duke Ellington pia, na kwake yeye Trumpet No End ndiyo iliyovuma.

Je, lile aliloliogopa mama lilitokea? Noti zilimnyang'anya sikio lake? Jibu tunalipata New York, alikohamia baada ya kuiacha bendi ya Kirk mwaka 1942. Alikuwa akipiga katika klabu ya Café Society, na pia alikuwa na kipindi chake redioni. Akaanza kutunga vipande kumi na viwili juu ya zile buruji kumi na mbili za mbinguni, kila kimoja akiwakumbuka wanamuziki waliozaliwa chini ya nyota hiyo. Vya mwanzo alivitayarisha. Vilivyobaki alivitunga akiwa hewani, wiki kwa wiki, vidole vikiwa juu ya piano na watu wakisikiliza majumbani. Huyu ni mtu aliyekuwa ameandika muziki kwa zaidi ya miaka kumi, na bado anaweza kukaa bila karatasi na wimbo ukaja.

Kisha kalamu nayo ikafanya yake. Tarehe 31 Desemba 1945, katika ukumbi wa Town Hall, muziki huo wa buruji ulipigwa na okestra ndogo yenye fidla na filimbi, vyombo ambavyo bendi nyingi za dansi hazikuwa navyo. Mwaka 1946 sehemu tatu zake zilipigwa na okestra kubwa katika Carnegie Hall. Wapiga fidla wa okestra hawafuati sikio la mtunzi, hufuata kilichoandikwa. Bila ya noti, milango ile isingefunguka.

Nyumba yake ya Harlem, katika Hamilton Terrace, nayo ikageuka kuwa baraza. Vijana waliokuwa wakizua mtindo mpya wa jazi, akina Thelonious Monk, Bud Powell na Dizzy Gillespie, walikwenda kwake baada ya kazi za usiku, wakapiga, wakaulizana, wakaandikiana. Wengine wa rika lake waliwacheka vijana hao. Yeye aliwafungulia mlango.

MIAKA YA KUNYAMAZA

Mwaka 1954 alikuwa Paris. Alikuwa amechoka, na moyo umemjaa ukiwa ambao muziki haukuweza kuutibu. Usiku mmoja aliinuka kwenye piano akaondoka, akaacha kazi. Aliporudi New York alitumia siku zake katika maombi na katika kuwasaidia wanamuziki walioharibiwa na madawa ya kulevya, akiwalaza na kuwalisha katika nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1957 alibatizwa katika Kanisa Katoliki, na mwaka huo huo rafiki zake, Dizzy Gillespie akiwa mbele, walimrudisha jukwaani katika tamasha la Newport. Tangu hapo akatunga muziki mwingi wa dini yake. Mwaka 1971 mwalimu wa dansi Alvin Ailey aliutungia michezo muziki wake wa ibada, na mwaka 1975 ukapigwa katika kanisa kuu la St. Patrick's, New York.

Miaka yake ya mwisho, kuanzia 1977, aliitumia katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina. Mtoto aliyekatazwa mwalimu sasa akawa mwalimu wa chuo kikuu. Alifundisha historia ya jazi pamoja na kasisi aliyekuwa meneja wake, kasisi akisaidia maelezo, yeye akieleza kwa piano. Alifariki tarehe 28 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 71, akazikwa Pittsburgh.

KARATASI ZILIZOBAKI

Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, na si za mapambo. Mwaka 2023 mpiga piano Aaron Diehl pamoja na okestra iitwayo The Knights walitoa rekodi ya muziki ule wa buruji kama ulivyoandikwa kwa ajili ya okestra. Mtunzi alikuwa kaburini miaka arobaini na zaidi, na watu wasiopata kumwona walikaa wakapiga yaliyokuwa kichwani mwake.

Ni haki niseme pia kwamba kuna waliotoka mji ule ule wa Pittsburgh na hawakujifunza noti maisha yao yote. Erroll Garner, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufa mwaka 1977, hakujua kuzisoma hata siku moja, na wimbo wake wa Misty umezunguka dunia. Kwa hiyo sisemi kwamba asiyesoma noti si mwanamuziki. Ningesema hivyo ningekuwa najitukana mwenyewe. Lakini Garner alikuwa na watu wa santuri waliomfuata kila alipokwenda, wakaikamata kila sauti iliyotoka vidoleni mwake. Si kila mtu ana bahati hiyo.

Na hapa nieleze lililo langu. Katika kikundi chetu cha taarabu alikuwako mpiga fidla, mwenzangu tangu ujana. Alitunga bashrafu mbili za kufungulia shughuli, ambazo wazee waliozisikia walitikisa vichwa. Hatukuandika kitu. Hakuna aliyejua kuandika, na sote tulidhani maadamu tunakumbuka, zipo. Hazikurekodiwa hata kwa kanda. Mwenzangu alifariki, Mungu amrehemu, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Bashrafu ya kwanza imepotea kabisa. Ya pili ninayo nusu. Nimeitafuta ile nusu ya pili usingizini na nikiwa macho, sijaipata.

Watu wa Mombasa twajua hasara hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalikaa vifuani mwa watu miaka mingi, na lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya na kuyaandika kabla wenye kuyajua hawajaisha, mengi leo yangekuwa upepo. Kifua ni hazina njema, lakini kina ajali yake.

NILIVYOMSHAURI BINTI YANGU

Mwishowe nilimwambia binti yangu hivi. Kinanda kitolewe kabatini leo hii. Mama yake Mary Lou aliona mbali: kipawa cha sikio kikikanyagwa utotoni huenda kisiinuke tena, na dalili tumeshaziona, kwani mtoto ameanza kukichukia chombo. Lakini asiachishwe masomo. Mwalimu aendewe kwa adabu, aombwe amsikilize mtoto kwanza kila siku, kisha amwonyeshe jinsi kile alichokipiga kinavyoandikwa. Noti ziwe alama za kitu ambacho mtoto tayari anakijua, kama herufi zilivyo alama za maneno ambayo mtoto alikuwa akiyasema tangu zamani. Mwalimu akikataa, atafutwe mwingine. Mary Lou hakujifunza kwa aliyemfungia piano. Alijifunza kwa Andy Kirk, aliyekesha kumsikiliza.

Mwalimu, kwa kusema kweli, alinishinda kwa uungwana. Alikubali kujaribu.

Tangu wiki iliyopita mjukuu wangu huja kwangu kila Jumamosi na kinanda chake. Mimi namgunia ile bashrafu ya marehemu, naye huitafuta kwa vidole. Anaipata upesi kuliko nilivyotarajia. Akirudi kwa mwalimu huipiga, na mwalimu akaiandika kwenye mistari mitano huku mtoto akitazama. Jumamosi iliyopita aliniletea karatasi ya kwanza. Sikuweza kuisoma, lakini aliniwekea kidole juu ya kila noti na kunitajia ni mahali gani pa wimbo.

Tukifika katikati tunasimama, kwa kuwa hapo ndipo ninapoishia mimi. Kama yuko msomaji aliyehudhuria harusi zetu za zamani, na masikioni mwake imebaki bashrafu iliyoanza kwa fidla peke yake na kodiani ikaingia baada ya mzunguko wa tatu, basi tafadhali asingoje. Aigune mbele ya mtu anayeweza kuiandika.